Mpagazi Si Kuni

Nimechoka kuambiwa "ni mchezo tu." Wakisema wacheza michezo nawaelewa, wamekuja kucheza. Ila safari hii naambiwa na wasomaji wenzangu, watu ambao wakikuta riwaya imemtaja mwanamke mara moja, tena akiwa jikoni, wanaandika kurasa nne za malalamiko. Watu hao hao ukiwawekea mezani kadi yenye picha ya mpagazi, chini yake pameandikwa "itumie kupata pembe 2, kisha itupe," wanaona hesabu. Mimi naona sentensi. Tena sentensi mbaya, inayosema mtu alikuwa kuni ya kuwashia safari ya mwingine.

Nieleze kwanza, maana si wote mnajua ninazungumzia nini. Mwaka 1993 Richard Garfield alitoa Marekani mchezo wa kadi uitwao Magic: The Gathering. Kila kadi ina jina, picha na maneno ya kanuni yake. Unakusanya, unabadilishana na wenzako, unaunda fungu lako, mnapambana. Baadaye wachezaji wakaanza kutengeneza seti zao wenyewe, kadi zilizookotwa moja moja kwa mada fulani, kwa ajili ya namna moja ya kucheza: watu 8 wanazunguka meza, kila mmoja anafungua pakiti ya kadi 15, anachagua moja, zinazobaki anampa jirani. Zinazunguka hivyo mpaka pakiti iishe, mnafungua ya pili, kisha ya tatu. Piga hesabu, ni kadi 360. Kwa Kiingereza seti ya namna hiyo wanaiita mchemraba, na kule kuchagua wanakuita drafti, jina ambalo kwetu lina mwenyewe: ile ya vizibo vya soda chini ya mwembe. Wazee wa Tabora hawatakubali kuligawa. Kwa hiyo sisi tunasema "kupitisha."

Seti yetu ni ya njia ya misafara: Bagamoyo, Ugogo, Mgunda Mkali, Unyanyembe, Ujiji. Tumeitengeneza hapa Tabora kwa karatasi za manila na vifuko vya plastiki, na kwa zaidi ya mwaka sasa tunaichuja. Kuchuja ndiyo kazi yenyewe. Aliyewahi kuhariri diwani ananielewa: nafasi ni zile zile, ukiingiza shairi moja lazima utoe jingine, na mara nyingi linalotoka si baya, ila limekaa karibu na lililosema jambo hilo hilo vizuri zaidi. Tofauti ni kwamba msomaji wa diwani anaweza kuruka ukurasa. Mchezaji hawezi kuruka kanuni. Lazima aitende kwa mkono wake. Ndiyo maana nasema ugomvi wetu ni wa fasihi, na nauleta huku.

Ugomvi wa kwanza ulikuwa mwepesi. Orodha ya mwanzo, iliyoletwa na wenzangu wawili, ilikuwa imejaa wazungu wenye kofia. Burton na Speke walifika hapa Novemba 1857, wakapaita Kazeh. Stanley alipita 1871, akarudi na Livingstone mwanzoni mwa 1872, na hilo tembe la Kwihara mpaka leo watu wanaletwa kulitazama. Sawa. Lakini wazungu 31 ndani ya kadi 360? Nikasema wabaki watatu. Wamebaki wanne, kwa kura. Sababu yangu si rangi ya mtu. Bila daftari za hao mabwana tusingejua nusu ya bei za nguo na shanga tulizoziandika kwenye kadi zetu. Sababu ni kwamba katika seti ya namna hii kadi yenye jina la mtu ndiyo inayobeba mchezo mzima, wengine wanajipanga kuizunguka. Na kwenye njia hii nani alimzunguka nani? Sidi Mubarak Bombay alitembea na Burton na Speke, akarudi tena na Speke na Grant, akaenda na Stanley, akaenda na Cameron. Mabwana wanabadilika, Bombay yumo. Huyo ndiye kadi. Chuma na Susi, waliobeba maiti ya Livingstone kutoka kwa Chitambo, wakapita hapa Unyanyembe mwaka 1873, wakaifikisha pwani, hao ndio kadi. Kuna mchezo mmoja wa ubao wa Marekani wa mwishoni mwa miaka ya 1970, Source of the Nile, ambao ramani yake ya Afrika ya ndani inaanza tupu kabisa. Mpelelezi anavyotembea ndivyo mito na milima inavyochorwa. Ni mchezo uliotengenezwa kwa akili nyingi, sikatai. Lakini mtu wa Unyanyembe akiuchezea lazima ajifanye hajui kwao ni wapi.

Basi, hayo yaliisha. Penye kasheshe ni kwa mpagazi.

Mnyamwezi hakungoja msafara umfuate nyumbani. Mwanzoni mwa karne ya 19, kabla wafanyabiashara wa pwani hawajaweka makazi huku, Wanyamwezi walikuwa tayari wanateremsha pembe pwani wenyewe. Kijana alihesabiwa mtu mzima baada ya kwenda pwani na kurudi. Stephen Rockel ana kitabu kizima kuhusu wapagazi hawa, kilichotoka 2006, na hoja yake kubwa ni kwamba walikuwa wafanyakazi wa ujira, wenye ufundi, wenye mila zao za njiani, waliojua thamani yao. Mzigo ulikuwa kama kilo 30, mara nyingine zaidi, juu yake mtu anaweka chakula chake na mkeka wake. Walilipwa kwa nguo, shanga na waya. Posho ikipunguzwa waligoma. Wakiona mambo hayaendi, waliondoka usiku. Vitabu vya wapelelezi vimejaa manung'uniko kuhusu "watoro," na ukivisoma kwa jicho la pili unaona mgogoro wa kazi ulioandikwa na upande mmoja tu.

Sasa kanuni yangu inasema hivi: "Mwanzo wa kila zamu mlipe Mpagazi nguo 1. Usipolipa, anahamia kwa jirani yako wa kushoto, na mzigo wake."

Maneno matatu ya mwisho yametugharimu Jumamosi nne. Rafiki yangu mmoja, mkali wa namba kuliko sisi wote, anasema kadi inayoweza kuondoka si mali yako, na kadi isiyo mali yako hakuna atakayeichagua. Nikamwambia ndiyo hivyo, si mali yako, hapo umeshaelewa zaidi ya Stanley. Akasema nafanya mzaha. Sifanyi. Tulipoijaribu meza ilibadilika. Watu wakaanza kuhifadhi nguo badala ya kuzimaliza kwenye bunduki. Wakaanza kuchungulia jirani wa kulia ana hali gani, kwa sababu akifilisika, wapagazi wake wanakuja kwako. Mmoja alishinda bila kuchagua kadi hata moja ya vita. Alilipa watu wake tu, zamu baada ya zamu, na wa wenzake wakaja. Mkali wa namba akaandika kwenye daftari lake kwamba kadi "ina nguvu kupita kiasi" na inafaa ipunguzwe. Mwezi mmoja nyuma haina maana, mwezi huu imezidi. Bwana wee.

Wanaotaka irudi kuwa kuni wana hoja moja ya kweli, nayo ni wepesi. Kadi ya kuilaza, kuchukua pembe na kuitupa inachezwa kwa sekunde mbili. Ya kwangu inataka ukumbuke kulipa. Nakubali inachosha. Kuwalipa watu ni kazi inayochosha.

Sasa nije kwa jambo ambalo tulilizunguka muda mrefu kama paka na uji wa moto. Njia hii ilisafirisha pembe, na ilisafirisha watu. Baadhi walitembea wakiwa na mzigo na ujira, baadhi walitembea wamefungwa. Utaifanyaje biashara hiyo kwenye kadi?

Pendekezo la kwanza mezani lilikuwa kadi iitwayo Mtumwa, yenye bei. Aliyeileta hakuwa na nia mbaya. Alisema kuificha ni uongo, ilikuwepo. Pendekezo la pili lilikuwa kuiondoa mada yote, tubaki na pembe na shanga, watoto wacheze. Ndivyo wakubwa wa nje wanavyofanya wakibanwa. Mwaka 2019 kampuni ya GMT Games iliufuta kabla haujatoka mchezo wake kuhusu wazungu kuigombea Afrika, baada ya kelele nyingi. Mwaka 2020 wenye Magic waliondoa kadi 7 za zamani walizosema ni za kibaguzi, na baadhi zilitoka kwenye Arabian Nights, ile nyongeza yao ya kwanza iliyojengwa juu ya alfu lela ulela. Wengi walipiga makofi. Sina ugomvi na kuziondoa. Ila kufuta kunamfaa anayeuza duniani kote na anataka amani dukani. Sisi tuko Tabora. Hapa kuna familia ambazo babu zao waliletwa kutoka Manyema, na si wote waliletwa kwa hiari, na familia ambazo babu zao ndio waliowaleta. Wameshaoana, wanazikana, wanadaiana kwenye vikoba. Swali la "kwenu hasa ni wapi?" hapa lina majibu ambayo watu huyaanza na hawayamalizi. Ukiitoa mada hiyo kwenye seti ya njia ya misafara umeweka mezani kimya kile kile tunachokula nacho kila siku.

Na kadi ya Mtumwa yenye bei je? Hapana. Hilo sijadili. Ukimpa mchezaji kadi hiyo, kwa dakika 40 anamiliki mtu, anampanga na wengine, anapiga hesabu amtumie lini. Picha iwe ya huzuni kiasi gani, kanuni imeshasema "ni wako." Mkono unafuata kanuni.

Tulichofanya ni hiki, na hii ndiyo kadi ninayoitetea kuliko zote. Katikati ya meza kuna vijiji 12. Si vya mtu. Kila msafara unapopita unapata hapo mtama na mihogo, wote sawa. Kisha kwenye pakiti kuna kadi chache ziitwazo Uvamizi wa Alfajiri. Ukiicheza unapata pembe 3 na bunduki 1 hapo hapo, bila kulipa kitu. Halafu unafunika kijiji kimoja. Kijiji hicho hakimlishi tena mtu yeyote, wewe wala mwenzako, mpaka mwisho. Kadi yenyewe inabaki mbele yako, uso juu. Hakuna mnyororo uliochorwa, hakuna idadi ya watu. Kijiji kimefunikwa, basi, na meza nzima inakitazama.

Kadi hii ina nguvu. Nasisitiza iwe na nguvu, na hapa ndipo nilipobaki peke yangu. Wenzangu wote saba wanataka adhabu mwishoni: kila Uvamizi upunguze alama 5, ili mwovu asishinde. Wanasema vinginevyo tunafundisha watu vibaya. Mimi nasema adhabu hiyo ndiyo mafunzo mabaya. Nani alimkata alama Hamed bin Muhammed el-Murjebi? Tippu Tip alifia Unguja mwaka 1905, nyumbani kwake, tajiri, ameshasimulia maisha yake kwa Kiswahili safi na Mjerumani Brode ameshayachapisha. Tunayo hayo Maisha, ni kati ya tawasifu za kwanza kabisa za lugha yetu, na yeyote aliyeyasoma anajua yanavyotisha: si kwa kelele, kwa utulivu. Anataja vita, mateka na frasila za pembe kwa sauti ile ile moja, kama mtu anayesoma stakabadhi. Hakuna mahali anapokatwa alama. Tukiweka adhabu mwishoni tunamwambia mchezaji kuna karani mwenye haki anayesawazisha hesabu za dunia. Huyo karani hakupita njia hii.

Kinachotokea bila adhabu ni kibaya zaidi, na kinatokea chenyewe. Mwenye Uvamizi anatangulia. Mzunguko wa tano, wa sita, vijiji vilivyofunikwa ni saba. Chakula hakuna. Mnachukua nguo za kulipia watu mnanunulia mtama. Wapagazi wanaanza kuhama, wanahamia kwa mtu ambaye naye hawezi kuwalipa, wanahama tena. Meza nzima inadhoofika, na aliyesababisha bado anaweza kushinda kwa sababu alitangulia mapema. Nimeona watu wakinyamaza kwenye meza hiyo. Kunyamaza huko siwezi kukupa kwa alama tano za kutoa.

Halafu kuna kupitisha kwenyewe. Hili halikubuniwa na sisi, ni umbo la mchezo, nasi tumelikuta linatufaa kama limekatwa kwa ajili ya Unyanyembe. Umeshika pakiti. Umeona Uvamizi. Wewe ni mtu mwema, hutaki. Lakini usipoichukua unampa jirani, na jirani huyo mtapambana. Basi unaichukua, unajiambia hutaitumia, ni kumzuia tu. Na baadaye njaa inakubana, kadi iko mkononi. Ukitaka kuelewa kwa nini bunduki zilijaa nchi hii katika miaka ya 1870 na 1880, kwa nini kila mtemi alitaka ruga-ruga wake, soma vitabu kumi au kaa kwenye meza hii mara moja. Mirambo aliona wafanyabiashara wa Unyanyembe wana bunduki na wanaamua nani apite na nani alipe. Akajenga nguvu yake Urambo, akafunga njia, na mwaka 1871 akawachapa mpaka Stanley, aliyejiunga na vita visivyomhusu, akazunguka kusini ili afike Ujiji. Mirambo shujaa au mnyang'anyi? Kwenye orodha ya mwanzo alikuwa na kadi mbili, moja ya kila jibu, eti uwiano. Tumezifuta zote mbili, tumeandika moja: "Anapoingia mezani, njia inafungwa. Anayetaka kupita alipe hongo kwa mwenye kadi hii." Hilo la ushujaa mchezaji atajiamulia, kulingana na yuko upande gani wa kizuizi.

Nimalizie la lugha, kwa kifupi, maana linaniudhi. Kuna pendekezo kadi ziandikwe Kiingereza ili tuuze nje. Jamani. Kirangozi, hongo, posho, merikani, kaniki, frasila, tembe, ruga-ruga: hayo ndiyo maneno ya njia yenyewe. Burton na Stanley waliyaandika kwa Kiswahili ndani ya vitabu vyao vya Kiingereza kwa sababu hawakuwa na ya kwao. Leo Abdulrazak Gurnah amepata Nobel, riwaya yake ya msafara imerudi kwetu kwa jina la Peponi katika tafsiri ya Ida Hadjivayanis, tunamsoma Yusuf aliyewekwa rehani kwa deni la baba yake, na neno "rehani" linatuuma kwa sababu tunalijua. Halafu sisi ndio tugeuze kadi zetu ziende kinyume? Rehani imo kwenye seti, kadi ya 212. Haitafsiriwi.

Imebaki nafasi moja. Kadi 359 zimekubaliwa, au tuseme zimechosha kubishaniwa. Kwa ya 360 wengi wanamtaka Isike, mtemi wa Unyanyembe aliyewasha baruti ngomeni mwake mwaka 1893 Wajerumani walipomzidi. Ni kadi nzuri, imechorwa vizuri kuliko zote, na aliyeichora ni mtu wa Itetemia, anasubiri jibu. Mimi nataka mwanamke aliyefuata msafara na chungu kichwani, mke wa mpagazi, ambaye wapelelezi wanamtaja kwa mstari mmoja wakihesabu watu na hawamwulizi jina. Kanuni yake nimeshaiandika: "Msafara unapolala, mpagazi mmoja hadai posho zamu inayofuata, kwa sababu amekula." Mkali wa namba ameipima, anasema kwa mara ya kwanza nimeleta kitu chenye uwiano. Kura ni Jumamosi. Kwa hesabu yangu wao ni watano, sisi watatu.